Diski ya nje kwa ajili ya bekapu: unachonunua ni nini hasa?

Tangu Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wamekuwa wakifuta laptopu zao ili waweke Windows 11, au wakiziuza na kununua nyingine. Swali linakuja hapohapo: faili za miaka yote hii zikae wapi wakati fundi anafanya kazi yake? Jibu la haraka ni "nunua eksteno". Ukiuliza eksteno ipi, kila mtu ana lake. Mmoja anasema SSD ndiyo mpango mzima, mwingine anasisitiza iwe USB 3.0, wa tatu anakurushia kwenye WhatsApp tangazo la diski ya 16 TB kwa bei ya kutupa. Tuyafungue mafundo haya moja moja, tukianza na lile linaloliza watu wengi kuliko yote.

Kuhamisha faili si kufanya bekapu

Bekapu ni nakala ya pili ya faili ambayo bado unayo mahali pengine. Mtu ambaye laptopu yake imejaa, akaihamisha folda ya picha kwenda kwenye diski ya nje na kuifuta kwenye laptopu, hana bekapu. Ana nakala ileile moja, ila sasa imo ndani ya kifaa kidogo zaidi, rahisi kuanguka na rahisi kuibwa. Kikifa, picha za harusi na za marehemu zimekwenda. Ndiyo maana wapo wanaofika kwa mafundi wa kuokoa data wakiwa na diski wanayoiita ya bekapu, kumbe ndiyo iliyobeba nakala pekee.

Wanaotunza kumbukumbu kwa kazi hufuata kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 kati yake ikae nje ya nyumba au ofisi. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni laptopu, diski ya nje, na zile folda chache zisizopatikana tena ziwekwe kwenye wingu au kwenye diski ya pili kwa ndugu. Diski inayosafiri kwenye begi moja na laptopu haitakufaa siku begi likiondoka na mwizi.

Sahani au chipu

Diski za nje za mkononi ni za aina mbili. Ya kwanza ni "hard disk" ya kawaida, HDD. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na mkono wenye kichwa cha kusoma na kuandika kinachoelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu. Chembe ya vumbi la kawaida ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi hiyo. Ndiyo sababu HDD ikianguka ilhali inazunguka inaweza kufa papo hapo bila kasha kupata hata mkwaruzo, na ndiyo sababu haifunguliwi juu ya meza ya fundi wa simu. Ya pili ni SSD. Haina kitu kinachosogea. Data zake hukaa kwenye chipu.

Watengenezaji wakubwa wa HDD wamebaki watatu duniani: Seagate, Western Digital na Toshiba. Ukiona HDD mpya yenye jina jingine juu ya kasha, ndani mna diski ya mmoja wao. Ubishi wa "Seagate hufa, WD haifi" hauna mwisho na hauna faida. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayoendesha mamia ya maelfu ya HDD na kuchapisha takwimu zake, ilipata kiwango cha kufa cha asilimia 1.57 kwa mwaka 2024. Hizo ni diski zilizofungwa mahali pamoja, kwenye chumba chenye ubaridi, hazibebwi wala hazichomolewi. Yako inabebwa. Kwa hiyo nunua kwa kutarajia kwamba siku moja itakufa, jina liwe lolote.

Sasa kasi. HDD ya mkononi huandika takriban megabaiti 100 hadi 140 kwa sekunde. SSD ya nje hufika 400 hadi 1,000. Ukiwa na gigabaiti 300 za video, HDD itazinakili kwa dakika 40 na kitu, SSD nzuri kwa chini ya dakika 15. Ukiwa na maelfu ya faili ndogondogo, HDD inaweza kushuka hadi megabaiti chache kwa sekunde, na kazi ikakesha. Lakini hiyo ni mara ya kwanza tu. Baada ya hapo programu ya bekapu hunakili kilichobadilika peke yake, dakika chache umemaliza. Kwa bekapu, basi, kasi si sababu ya kutosha ya kuongeza fedha. Sababu ya kulipia SSD ni kuanguka. Diski itakayokaa drooni na kutolewa mara moja kwa wiki, iwe HDD. Utapata nafasi kubwa zaidi kwa fedha ileile. Itakayopanda bodaboda kila siku, iwe SSD.

Usiamini lakini kwamba SSD haifi. HDD mara nyingi hutoa dalili kabla: inakokota, inagonga, inashindwa kufungua faili mbili tatu. SSD inaweza kukata ghafla ikiwa kimya kabisa, na kuokoa data ndani yake ni kazi ngumu zaidi. Tena chipu zake hushika data kwa chaji ndogo za umeme ambazo huvuja polepole isipochomekwa. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya chipu, kwa SSD za watumiaji wa kawaida kinadai ishike data mwaka 1 bila umeme katika nyuzi 30, na hapo ni baada ya kuandikwa mpaka mwisho wa uwezo wake. SSD mpya hukaa muda mrefu zaidi ya huo, lakini joto huharakisha kuvuja, na kabati la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari linapita nyuzi 30 bila shida. Ukiwa na SSD ya bekapu, ichomeke walau kila baada ya miezi michache. Usiifungie sandukuni miaka mitano.

Jambo jingine halisemwi dukani. HDD nyingi za mkononi za 1 TB na kuendelea huandika kwa mtindo unaoitwa SMR: mistari ya data hupandiana kama mabati ya paa, na kubadilisha la chini lazima uinue lililolalia juu yake. Diski hupokea data haraka kwenye eneo lake la akiba, na eneo hilo likijaa inabidi ipange upya huku inaendelea kupokea. Hapo kasi inaweza kuanguka kutoka megabaiti 120 hadi 20 au chini ya hapo. Wenye haraka hudhani imeharibika, wakaichomoa katikati ya kuandika, na kuichomoa huko ndiko kunakoiharibu. Iache. Hata kunakili kukiisha, iache dakika kumi zaidi ikiwa imechomekwa, ijipange yenyewe. Kwa bekapu, SMR haina ubaya wowote mwingine.

Ukubwa: mbona 1 TB inasoma 931?

Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu 1 TB kuwa baiti 1,000,000,000,000. Windows huchukua baiti hizohizo, inagawa kwa 1,024 mara tatu, inapata 931 na kuziita GB. Diski ya 2 TB itasoma 1.81 kwa sababu hiyohiyo. Mac huhesabu kama mtengenezaji, ndiyo maana diski moja inasoma tofauti kwenye mashine mbili.

Ununue ya ukubwa gani? Apple hushauri diski ya Time Machine, programu ya bekapu iliyomo kwenye Mac, iwe na walau mara mbili ya nafasi ya Mac yako, na ushauri huo unafaa kwa Windows pia, kwa sababu bekapu nzuri huhifadhi na matoleo ya zamani ya faili: ukigundua leo kwamba ripoti iliharibika Jumanne, unairudia ya Jumatatu. Laptopu ya GB 256 itatoshwa na GB 500, ila ukikuta tofauti ya bei na 1 TB ni ndogo, chukua 1 TB. Laptopu ya GB 512, chukua 1 TB au 2. Kupanda mpaka 5 TB kwa ajili ya laptopu moja sikushauri. Fedha hiyo itakununulia diski mbili ndogo, na mbili zinazopokezana zina usalama ambao moja kubwa haiwezi kukupa.

USB na majina yake mengi

USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1 ni kitu kimoja kilichobatizwa mara tatu: gigabiti 5 kwa sekunde. USB 3.2 Gen 2 ni gigabiti 10. Hizo ni biti; gawanya kwa 8 na upunguze kidogo, upate megabaiti unazoziona kwenye kioo. HDD haiwezi kujaza hata ile ya 5, kwa hiyo ukinunua HDD usilipie Gen 2. La kuepuka ni kuichomeka kwenye tundu la USB 2.0, ambako inabaki na megabaiti 35 hivi kwa sekunde, na zile gigabaiti 300 zinachukua zaidi ya saa mbili. Tundu lenye ulimi wa bluu kwa kawaida ni la 3.0, ingawa si kila kampuni inafuata rangi.

Type-C ni umbo la pini. Haisemi chochote kuhusu kasi. Waya nyingi za kuchajia simu zenye pini hiyo ndani yake ni USB 2.0, na SSD ya megabaiti 1,000 ikiunganishwa kwa waya huo itatembea 40. Tumia waya uliotoka nayo kwenye boksi, na ukiutunza mbali na chaja za nyumbani utajiepusha na usumbufu mwingi. HDD nyingi bado zina ile pini pana na bapa yenye sehemu mbili. Usiilazimishe, na usiache diski ikining'inia kwenye waya wake, maana tundu hilo ndilo hung'oka kwanza.

Umeme nao una lake. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la 3.0 hutoa 900, na HDD inapoanza kuzungusha sahani huhitaji nguvu nyingi kwa sekunde kadhaa. Ikiwa diski inatoa mlio wa "tik, tik", inaonekana na kupotea, kabla hujaililia ibadilishe waya, itoe kwenye kigawanyio cha USB, ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu. Mara nyingi ni njaa ya umeme tu. Diski za nje kubwa za inchi 3.5, zile zenye adapta yake ya ukutani, hazina tatizo hilo, lakini umeme ukikatika zinazimika katikati ya kuandika wakati laptopu inaendelea na betri. Kwa mahali ambako umeme unakatika mara kwa mara, chukua ya inchi 2.5 inayojilisha kwa USB.

Diski bandia

Hapa ndipo nakuomba utulie. Kwenye matangazo ya mtandaoni kuna "SSD" za mfukoni za 8 TB, 16 TB, hata 30, kwa bei ya chini kuliko 1 TB ya dukani. HDD za mkononi za inchi 2.5 zilikaa kwenye 5 TB miaka mingi, na Western Digital ilifikisha 6 TB mwaka 2024. SSD za mfukoni za makampuni makubwa nyingi huishia 4 TB, chache zinafika 8, na bei yake inauma. Diski ya 16 TB kwa bei ya kutupa haipo.

Ukiifungua moja ya hizo, unakuta kasha zuri la aluminiamu, ndani kibao kidogo cha saketi, na juu yake kadi ya kumbukumbu ya simu, labda GB 64, imeshikizwa kwa gundi. Kidhibiti kimefundishwa kusema uongo: laptopu ikiuliza ukubwa, kinajibu 16 TB. Unanakili GB 60 za kwanza, zinafunguka vizuri. Ukiendelea, kidhibiti hakikatai; kinaandika juu ya faili za zamani, au kinatupa data na kusema imepokea. Majina ya faili zote unayaona, na hata ukubwa wake, kwa sababu orodha ya majina imehifadhiwa vizuri. Unagundua siku ya kuhitaji, unapobofya picha na haifunguki. Anayeuza anaijua hesabu hiyo: hadi ugundue, muda wa kurudisha bidhaa umepita.

Kuna udanganyifu wa kiasi pia: HDD zilizotolewa kwenye laptopu kuukuu, zikavishwa kasha jipya na kuuzwa kama mpya. Hizi zinafanya kazi, ila zimeshazeeka.

Dawa yake ni kupima kabla ya kuamini. Dukani, omba uichomeke kwenye laptopu yako. Muuzaji mwaminifu wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, hatakataa. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya bure ya Windows, uangalie saa ambazo diski imewahi kuwashwa. Mpya inapaswa kusoma 0 au karibu na hapo. Ikisoma 14,000, imefanya kazi zaidi ya mwaka mmoja na nusu bila kuzimwa. Angalia mistari yenye namba 05 na C5: hiyo ni sehemu za sahani zilizokwisha kuharibika na zinazosubiri kuhukumiwa. Zote mbili ziwe 0. Kisha ingiza namba ya utambulisho ya diski (serial number) kwenye tovuti ya Seagate au WD kuona kama garanti ipo hai.

Ukifika nyumbani, kabla ya kuweka faili hata moja, endesha H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Hujaza diski yote kwa data za majaribio na kuzisoma tena. Kwa HDD ya 2 TB tenga saa 11 au zaidi, kwa hiyo iwashe jioni. Ukikosa muda, ValiDrive ya Gibson Research hupima sehemu 576 zilizotawanywa kote kwenye diski na inatosha kuwakamata waongo wa ukubwa. Rudisha diski yoyote inayoonyesha kosa hata moja.

Kuiandaa na kuitumia

Mfumo wa faili ndio unaoamua nani ataisoma diski. Ukitumia Windows pekee, ifomati NTFS. Ukitumia Mac kwa Time Machine, programu yenyewe itaifomati APFS na kufuta kila kilichomo, kwa hiyo usiipe diski yenye faili. NTFS kwenye Mac husomeka ila haiandikiki. exFAT husoma na kuandika kote, lakini haina daftari la kumbukumbu la ndani linaloisaidia kujirekebisha, hivyo ikichomolewa vibaya huharibika kirahisi zaidi. FAT32 iache: haipokei faili inayozidi GB 4.

Kwenye Windows, njia iliyomo tayari ni File History. Chomeka diski, fungua Control Panel, nenda System and Security, kisha File History, ubofye Turn on. Isipobadilishwa, hunakili kila saa diski ikiwa imechomekwa. Ina mtego mmoja mkubwa: inachukua folda za kawaida kama Desktop, Documents, Pictures, Music na Videos. Folda uliyoifungua moja kwa moja kwenye C: au D: haimo, na programu nyingi za uhasibu huweka data zake hukohuko. Mwenye duka anaweza kuwa na bekapu ya picha zote za watoto asiwe na hata mstari mmoja wa mauzo. Itafute folda ya programu yako ya mahesabu, uinakili kwa mkono au uiongeze kwenye maktaba za Windows (Libraries).

Diski isikae imechomekwa muda wote. Virusi vya kudai fidia, kama WannaCry iliyosambaa Mei 2017, hufunga kila kinachoonekana kwenye kompyuta, diski ya nje ikiwemo. Chomeka, fanya bekapu, itoe kwa njia salama kupitia ile alama ya USB pembeni ya saa, subiri sahani zitulie, ndipo uibebe. OneDrive na Google Drive hazichukui nafasi yake: zinasawazisha, na faili unayoifuta kwenye laptopu hufutika na kule, ukibakiwa na pipa la takataka lenye muda wake. Kupakia GB 300 kwa bando ni habari nyingine.

Diski ikipotea, aliyeiokota anasoma kila kitu. Ukiwa na taarifa za wateja au wagonjwa hilo ni suala la kisheria pia; Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina yake ya 2022. Weka nenosiri kwa BitLocker kama una Windows Pro, kwa VeraCrypt kama una Home, au chagua kusimba data (encryption) ndani ya Time Machine. Ufunguo wa dharura uandike kwenye karatasi, ukae mbali na diski, maana ukiupoteza hakuna fundi atakayeifungua.

Mara moja kila baada ya miezi mitatu, chukua faili kadhaa kutoka kwenye bekapu uzifungue kwenye kompyuta nyingine: hati, picha, na ile data ya uhasibu. Siku diski ikianza kugonga hata baada ya kubadilisha waya, au namba ya C5 ikianza kupanda, usiipige "repair" ya Windows, kwani kuisugua sahani nzima ndiko kunakoimalizia. Kama laptopu bado ina faili zote, nunua diski nyingine siku hiyohiyo na ufanye bekapu upya. Kama ndiyo nakala pekee, izime na uipeleke kwa mtu mwenye chumba kisicho na vumbi. Mwambie ni ya kampuni gani: diski nyingi za mkononi za WD zina tundu la USB lililochomelewa kwenye saketi yenyewe, na baadhi husimba data hata kama hukuweka nenosiri, hivyo ule ujanja wa kuitoa na kuivisha kasha jingine haufanyi kazi, na saketi ya awali isitupwe.